Waya wa Nne wa Jibondo

Kilindoni, Mafia
Jumatano, 2 Novemba 2016

Arafa mwanangu,

Asalaam aleikum. Huku wazima sote, isipokuwa sikio langu la kushoto, ambalo limestaafu bila hata kuniaga. Ndiyo maana nakuandikia barua pepe kwa vidole viwili badala ya kukupigia. Halafu simu nikiongea dukani inabidi nipige kelele, na mke wangu Nilofer yupo pale kwenye kaunta ya misumari anapima kamba na masikio yake yote mawili ni mazima. Habari niliyo nayo si ya kaunta.

Adui yako amekuja dukani kwangu.

Injinia Jumanne Kombo, mwenyewe, na miwani ya jua ndani ya nyumba. Alikuwa anaulizia fundi mwenye mita ya umeme na mkono mwepesi. Nilofer akamwelekeza kwangu, akaongeza kwamba mita ninayo. Basi nikajua kwamba mtambo wa maji wa Jibondo umekufa. Ule mtambo wako, unaotoa chumvi kwenye maji ya bahari kwa nguvu ya jua, uliouchora wewe na yeye akabandika jina lake juu. Kile kikompyuta cha ndani kimewaka, lakini kioo kimeandika kwamba hakisikii kipima hata kimoja. Pampu haizunguki. Wanawake wamerudia kungoja madumu ya maji kutoka huku kama zamani.

Nilimpa kiti, mwanangu. Nilimpa na chai. Nilipokuwa namtilia sukari nilikuwa nakumbuka mwaka jana, aliposimama mbele ya msikiti wa Jibondo baada ya sala ya Ijumaa na kuwatangazia watu waliokuona ukikua kwamba kipima chumvi kimoja cha bei kubwa kimepotea stoo, na kwamba aliyekuwa na funguo ni Arafa binti Abeid, na kwamba kampuni imekuachisha kazi. Nikamwongezea sukari ya tatu. Nasikia ina madhara.

Hajui kwamba mimi ndiye niliyekufundisha kulehemu. Hajui kwamba lile doa jeusi kwenye meza aliyowekea kikombe chake ulilichoma wewe ukiwa darasa la saba, ukasema meza ndiyo iliyosogea.

Uzinduzi ni tarehe 23. Watakuja wageni kutoka Dar, watu wa wilaya, na watu wa hifadhi ya bahari. Anataka nikamwangalizie. Sasa niambie wewe: nitengeneze, au nijifanye uzee umenipata?

Mjomba wako,
Kazim Ahmedali


Dar es Salaam
Alhamisi, 3 Novemba 2016

Mjomba Kazim,

Shikamoo.

Usitengeneze.

Nimeandika hilo kwanza ili ukichoka kusoma uwe umeshalipata. Nataka asimame mbele ya wale wageni na shati lake jeupe, abonyeze, kimya. Abonyeze tena, kimya. Nataka jasho lishuke mpaka kwenye soksi. Nataka Jibondo nzima iwe imekaa inamtazama kama ilivyokaa ikamsikiliza aliponiita mwizi mimi nikiwa sipo, na Mama akiwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta na kanga yake mdomoni.

Unajua Mama hajaenda shughuli yoyote tangu siku ile? Harusi, arubaini, hitima, haendi. Anasema magoti. Magoti hayo hayo yanapanda na ndoo kutoka ufukweni. Mimi nimetafuta kazi mwaka mzima, na kila ninapokaribia kuipata, mtu anampigia simu Jumanne kuuliza habari zangu.

Kuhusu maji, sitaki mtu apate kiu kwa ajili ya hasira zangu. Ndani ya boksi, upande wa kulia, kuna swichi nyeusi. Izungushe kushoto, pampu itakwenda yenyewe bila kikompyuta. Haitapimwa chumvi, kwa hiyo Mama aonje kila asubuhi. Ulimi wake unatosha. Mwambie asimwambie mtu swichi imetoka kwangu.

Wanawake wanywe. Kioo kife.

Mtoto wako,
Arafa


Kilindoni
Jumatano, 9 Novemba 2016

Arafa mwanangu,

Nimekutii, kwa kadiri mtu wa umri wangu anavyoweza kutii. Nilivuka juzi kwenda Jibondo pamoja na Injinia. Yeye alikaa mbele asilowe, mimi nikakaa nyuma nikalowa kwa niaba ya wote wawili. Swichi nimeizungusha, maji yanatoka, mama yako anaonja na kutema kama mwonja chai wa Mombasa. Injinia nimemwambia kwamba pampu imeamua yenyewe. Aliniamini. Mtu asiyelielewa boksi lake huamini mengi.

Lakini kuna jambo, na nilipolisikia nilitamani masikio yote mawili yangekuwa yamestaafu. Nilikuwa nimeinama kwenye boksi lako na miwani puani, naye amesimama nyuma yangu, akanigonga begani.

"Mzee Kazim, usijichoshe."

"Vipi tena, Injinia? Siku zimekaribia."

"Kikifa kife. Mimi mbele ya wageni nitasema ukweli. Mchoro ulikuwa mbovu tangu mwanzo. Nani aliuchora? Yule binti wa hapa hapa, yule mwizi. Wafadhili watasikitika, watatoa fungu jingine, tutaleta mtambo mpya kabisa. Wewe utabonyeza, watu wataona, mimi nitaeleza."

"Kumbe mchoro ulikuwa wake?" nikauliza. "Si ubao umeandikwa jina lako?"

"Ukiharibika ni wake," akasema, akacheka.

Nami nikacheka, Arafa. Nilicheka mpaka meno ya bandia yakataka kushuka yasikie vizuri.

Kwa hiyo kisasi chako, kilivyo sasa, anakipenda kuliko wewe. Kioo kikinyamaza siku hiyo, atakayetoka jasho si yeye. Atakuua mara ya pili pale pale, na safari hii na ushahidi mezani. Nifundishe, mwanangu. Mimi ni mtu wa redio na pasi za umeme. Vikompyuta vyenu hivi navisalimia kwa mbali tu.

Kazim


Dar es Salaam
Alhamisi, 10 Novemba 2016

Mjomba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, na mpaka sasa sijakaa.

Kuna kitu nilikuficha. Nilipokuambia usitengeneze, nusu ilikuwa hasira na nusu ilikuwa woga. Naogopa kosa liwe langu kweli. Niliuchora nikiwa na haraka, na usiku huu wote nimekuwa nikiuchora upya kichwani nikitafuta nilipokosea. Sijapapata. Lakini kutopapata si kwamba sikukosea.

Sasa sikiliza. Vipima vyote vya mtambo ule vinaongea na kikompyuta kwa njia moja tu, nyaya mbili nyembamba. Waya mmoja unapiga mapigo, kama mtu anayepiga makofi ili wengine waende pamoja. Wa pili unabeba maneno. Wahandisi njia hiyo tunaiita basi, na usiniulize konda yuko wapi, nakujua. Kila kipima kina namba yake. Kikompyuta kinaita namba, mwenye namba anajibu, wengine wananyamaza.

Siri yake ni hii: hakuna anayepandisha umeme kwenye nyaya hizo kwa nguvu. Kuna rizista mbili ndogo kwenye bodi zinazoziinua, na kila kipima kikitaka kusema kinavuta chini kidogo, kisha kinaachia. Wote wakinyamaza, nyaya zote mbili zinatakiwa zisome volti tatu na pointi tatu. Akitokea mmoja akavuta chini asiachie, wote wanakuwa mabubu, hata walio wazima. Kikompyuta hakiwezi kujua ni nani aliyeshikilia. Kinasikia kimya tu.

Kwa hiyo pima nyaya hizo mbili. Zikisoma chini, chomoa kipima kimoja, pima. Chomoa cha pili, pima. Viko vitatu: kina cha tangi, chumvi, na joto la pampu. Utakapochomoa mwenye kosa, volti itapanda.

Ikiwa umechomoa vyote na bado iko chini, basi kosa liko kwenye bodi, na bodi ni yangu. Niambie hivyo hivyo, usinipambie.

Arafa


Kilindoni
Jumapili, 13 Novemba 2016

Arafa,

Sikupambii.

Nilivuka jana bila Injinia. Yuko huku Kilindoni anashonesha suruali ya sherehe. Mama yako alinishikia kioo cha kujitazamia ili nione chini ya bodi, akawa ananiambia kila dakika kwamba mkono unanitetemeka. Nikamwambia ni kioo kinachotetemeka. Tukakubaliana kutokubaliana.

Waya wa mapigo: volti tatu na pointi tatu, safi. Waya wa maneno: pointi sita. Chini kabisa, kama ulivyosema, kuna aliyeshikilia. Nikachomoa kina cha tangi: pointi sita. Nikachomoa chumvi: pointi sita. Nikachomoa joto la pampu, mama yako akaanza kusoma Ayatul Kursi, nikapima: pointi sita.

Nikakaa chini. Nilibadilisha betri ya mita, maana mita yangu nayo ina historia. Pointi sita. Nikaanza kutunga maneno ya kukuandikia, na yote yalikuwa mabaya.

Halafu mama yako, ambaye alikuwa bado ameshika kioo, akasema, "Kazim, vitatu ulivyochomoa vina mikia mitatu. Mbona chini ya boksi kuna mikia minne?"

Nikainama mpaka kofia ikaanguka. Kweli, mwanangu. Kuna waya mweusi unaotoka chini ya bodi, umeunganishwa kwenye zile nyaya zako mbili, unapita kwenye tundu lililozibwa pamba na kuingia ardhini. Mzee Matano, fundi wa mashua, alikuwa anapita na msumeno wake. Nikamuuliza. Akasema, "Huo waya wa radi, wa kuishusha ardhini. Injinia aliniambia."

Je, ulichora waya wa radi? Sitaki kuukata kabla hujanijibu.

Kazim


Dar es Salaam
Jumapili, 13 Novemba 2016

Mjomba,

Hakuna waya wa nne. Sikuchora waya wa radi. Waya wa radi hauunganishwi kwenye njia ya maneno hata na mwendawazimu.

Usiukate. Ufuate. Jumanne asijue.

Arafa


Kilindoni
Jumatano, 16 Novemba 2016

Arafa binti Abeid,

Kaa kwanza. Safari hii kaa kweli.

Waya tumeufuata, mimi, mama yako na Mzee Matano. Mama yako alishika jembe na kutuambia tusimame nyuma. Umefukiwa mchangani, si kina kirefu, unapita nyuma ya tangi, unapita nyuma ya ukuta wa makaburi, unakatiza chini ya ule mti wa mkungu. Katikati ya njia tukakuta uvimbe mnene kama pweza aliyejikunja. Mzee Matano akatabasamu.

"Hapo ndipo nilipounga mimi," akasema. "Waya haukufika, Injinia akaniomba niunganishe kipande kingine na nizibe maji yasiingie."

"Umeziba na nini, Mzee Matano?"

"Na nini tena? Nimeukalafati. Pamba safi nikaichovya kwenye sifa, mafuta ya papa yale ya mashua, nikaigonga kidogo kidogo, nikapaka na juu. Mshono huo ningeuweka chini ya mashua ukaenda Lindi na kurudi."

Na ni kweli ungekwenda Lindi. Lakini nilipoufungua, pamba ilikuwa imenywa maji ya mvua hizi za vuli pamoja na chumvi ya mchanga mpaka imetosheka, na shaba ndani imekuwa ya kijani kama pilipili hoho. Chumvi hiyo ndiyo iliyokuwa ikivuta waya wako wa maneno chini mchana na usiku. Nilimwambia, "Mzee Matano, mbao zikilowa huvimba zikabana. Waya ukilowa unasema uongo." Alihuzunika. Nikamwambia kwamba mimi nimeua redio nyingi kwa vitu vya kijinga zaidi, na sikumdanganya.

Nikarudi kwenye boksi, nikauchomoa ule mkia wa nne. Volti tatu na pointi tatu. Vipima vyako vitatu vikaitika vyote palepale. Mama yako alitaka kupiga kigelegele, nikamsihi akimeze, akakimeza, machozi yakatoka badala yake. Bodi yako haina kosa. Haijawahi kuwa na kosa.

Sasa mwisho wa waya. Unaishia uani kwenye ile nyumba anayojenga Injinia, anayosema itapangishwa wageni. Nyuma ya magunia ya simenti kuna tangi jeusi la plastiki. Lina bomba linalotoka kwenye mtambo, lina koki ya umeme iliyofungwa kwenye huo huo waya, inayojifungua yenyewe watu wakilala, na ndani ya tangi, kimening'inia kama chambo, kuna kipima chumvi. Nimekivua nikakifuta. Kimechongwa namba 0617.

Ndicho hicho?

Unakumbuka wanawake walivyopunguziwa maji wakawekewa ndoo mbili kwa nyumba, wakaambiwa wanamwaga ovyo ndiyo maana tangi linashuka usiku? Mama yako ameliangalia lile tangi jeusi, limejaa mpaka shingoni. Akashika jembe lake kwa mikono miwili. Amenitisha kuliko angetukana.

Nimekirudisha mahali pake, tumefukia, tumefagia nyayo. Anauliza mama yako: tumfanye nini?

Kazim


Dar es Salaam
Alhamisi, 17 Novemba 2016

Mjomba,

Shikamoo.

Ndicho hicho. 0617. Namba hiyo naijua kuliko namba yangu ya simu. Nimeulizwa kiko wapi na kila mtu ofisini mpaka mfagizi.

Nimelia kidogo, kisha nimekula vizuri, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Sasa nafanya kazi.

Tusimfanye kitu. Tumtengenezee waya wake.

Ndiyo, umesoma sawa. Nataka ule waya wa wizi uwe mzima kuliko waya wowote Jibondo. Kata shaba iliyooza, lehemu upya, vuta mpira juu yake uubane kwa moto, halafu gundi ile nzito ya makopo mawili anayouza Shangazi Nilofer. Juu yake Mzee Matano arudishe kalafati yake, ili ukitazamwa uonekane vile vile. Na asihuzunike, mwambie safari hii mshono wake una kazi.

Kwa waya mrefu hivyo, vipima haviwezi kuongea haraka. Maneno yanafika yamevurugika. Nimeandika programu mpya, inaongea taratibu, kama mtu anayemsomea mzee barua. Koki ya tangi lake nimeifunga humo humo kwenye programu, haitafunguka tena. Kadi ya programu anakuja nayo Tumaini, muuguzi wa hospitali, kwa ndege ya kesho. Ichomeke mahali pa ile ya zamani. Kisha wanawake wajaze madumu ya kuwafikisha tarehe 23, uirudishe swichi kulia, uuzime mtambo, mwambie Jumanne umeshindwa. Ujilaumu sana, unajua kujilaumu vizuri.

Mtambo ukiwashwa, kikompyuta kitaita namba moja moja, na kila anayeitika jina lake litaandikwa kwenye kioo, na mahali alipo.

Wanne, Mjomba. Wa nne nimemwandikia kwa herufi kubwa.

Arafa


KAMPUNI — OFISI YA MRADI, KILINDONI
20 Novemba 2016

Ndugu Kazim Ahmedali,

YAH: UTARATIBU WA SIKU YA UZINDUZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea kwa masikitiko taarifa yako kwamba umeshindwa kuutengeneza mtambo. Hata hivyo nakupongeza kwa juhudi zako, ukizingatia umri na vifaa.

Siku ya tarehe 23 utatakiwa kuwa kando ya mtambo ukiwa nadhifu. Nitakapokupa ishara, utawasha mbele ya wageni ili wajionee wenyewe hali halisi. Baada ya hapo utasogea pembeni na mimi nitatoa maelezo ya kitaalamu kuhusu kasoro za mchoro na mhusika wake. Hutatakiwa kuzungumza.

Nakutakia kazi njema.

Inj. Jumanne S. Kombo
Meneja wa Mradi


Kilindoni
Alhamisi, 24 Novemba 2016

Arafa mwanangu,

Nimerudi sasa hivi, sijavua hata viatu. Nilofer ananiambia nile kwanza. Nimemwambia chakula hakikimbii, habari ndiyo inayopoa.

Nilikuwa nadhifu, kama nilivyoagizwa. Nilivaa ile suti niliyoolewa nayo, maana mimi ndiye niliyeolewa, muulize Nilofer. Jibondo yote ilikuwepo. Mkuu wa msafara alikuwa mama mmoja wa Dar, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Injinia akahutubia kidogo kuhusu changamoto, kisha akanipa ishara kwa kidole, kama anayemwita mhudumu.

Nikawasha. Nikasogea pembeni. Sikuzungumza.

Pampu ikaanza kunguruma. Injinia akageuka. Kioo kikawaka, na yule mama akasogea, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ili watu wasikie:

"Kina cha tangi la watu: kipo. Chumvi ya tangi la watu: kipo. Joto la pampu: kipo. Kipima chumvi namba 0617, kilichodaiwa kuibwa na Arafa Abeid: KIPO. KIMO NDANI YA MAJI MATAMU, TANGI LA INJINIA JUMANNE KOMBO, UANI KWAKE."

Arafa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Injinia," akasema yule mama, "Jumanne Kombo si wewe?"

"Hizo ni kasoro za mchoro, mheshimiwa. Ndicho nilichotaka kueleza."

"Mchoro mbovu umelijuaje jina lako?"

Kabla hajajibu, Mzee Matano akasimama, kifua mbele. "Waya wake huu hapa! Nimeukalafati mimi. Aliniambia ni wa radi!" Akachukua jembe kwa mama yako, akaanza kuufukua mbele ya wageni, na watu wote wakamfuata, wilaya, hifadhi, watoto, mpaka kwenye magunia ya simenti. Mama yako akachota kikombe kwenye lile tangi, akaonja. Akatema.

"Matamu," akasema. "Yako matamu kuliko yetu, Injinia."

"Mama, kulikuwa na kutoelewana kidogo."

"Na nani? Mimi nimekuelewa tangu ile Ijumaa."

Wageni wakaondoka na boti yao. Injinia alikimbilia kupanda, yule mama akamwambia, "Wewe baki, ukabidhi mradi." Wakamwacha ufukweni na begi lake.

Na bado yuko pale. Hakuna anayemzuia, naomba hilo lieleweke likija kuulizwa. Anasalimiwa na kila mtu. Jana alipelekewa pweza wa nazi, na mama yako mwenyewe alimpelekea maji ya kunywa kwenye jagi lililofunikwa. Ila mashua, bahati mbaya, hakuna. Nahodha Shaabani mashua yake imejaa; niliichungulia, ilikuwa na kuku mmoja. Nahodha Luqmani injini yake inakohoa. Nilikuwepo Injinia alipomwendea.

"Nahodha, nitakulipa mara mbili."

"Injini haijui pesa, Injinia. Kwani yule binti aliiba?"

"Nadhani hakuiba."

"Basi ukishamaliza kudhani, njoo tuiangalie tena."

Leo asubuhi kanifuata mimi, nivuke naye. Nikamwambia mashua niliyokuja nayo si yangu, na mimi mwenyewe nimechukuliwa kama mzigo. Aliyenivusha ni Luqmani. Injini haikukohoa hata mara moja. Yule mtu alisimama akaisikiliza mpaka tukapotea.

Mama yako ananiagiza nikuulize, na manahodha wote wanangoja jibu: tumwachie?

Mjomba wako,
Kazim


Dar es Salaam
Alhamisi, 24 Novemba 2016

Mjomba Kazim,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikifika penye kuku nasimama nacheka. Kama nina roho mbaya, basi ninayo, leo siikatai.

Jumanne alinipigia mchana huu. Ameniita "dada Arafa". Mwaka mzima sikuwa dada. Ameomba nizungumze na watu wa Jibondo wampe mashua, na yeye akifika Dar ataniandikia barua nzuri sana ya kunisafisha. Nimemwambia mtandao mbaya, nikakata. Akapiga tena, mtandao ukawa mbaya tena.

Mwambie Mama hivi. Barua siitaki. Alinisema kwa mdomo, anisafishe kwa mdomo. Kesho Ijumaa, baada ya sala, mbele ya msikiti, pale pale aliposimama. Kipaza sauti kiwashwe, wanawake walioko majumbani nao wasikie. Asiseme "nadhani". Asiseme "kutoelewana". Aseme, "Arafa binti Abeid hakuiba. Niliiba mimi." Akikosea neno, arudie mwanzo.

Akimaliza, injini ya Luqmani itakuwa imepona.

Mpaka hapo mlisheni vizuri, asije akasema alikosa nguvu ya kutamka.

Nimepata kiti kwenye ndege ya asubuhi. Niulizie mashua ya kunivusha. Nitakaa barazani kwa Mama, na Jumanne akipita pale na begi lake kwenda ufukweni, lazima anione. Salamu yake sitaiitikia.

Mtoto wako,
Arafa